Kiti cha Nyuma cha Skuta

Ukitaka kumwona Eliaichi amekasirika mpaka kilemba kinamcheza kichwani, chukua kitu chake kibaya umrudishie kikiwa kizuri. Wanaocheka wakisikia hivyo hawajui yaliyomkuta Jumamosi ile ya mwisho wa mwaka, mwanawe Loth alipokuwa amepanda mlima kutoka Dar kuja kula sikukuu na wazazi. Mgeni njoo mwenyeji apone, ndivyo tunavyosema. Loh! Mwenyeji huyu nusura apasuke.

Kitu chenyewe kilikuwa skuta. Skuta ndogo, kuukuu, waliyoipata kwa kubadilishana na mtamba kwa muuguzi mmoja mstaafu wa Mwanga. Ilipofika kijijini kwao, huku juu upande wa Suji, haikuweza kupanda hata kilima cha kwenda kisimani. Eliaichi hakusomea ufundi popote, alijifunza kwa kuharibu. Aliifungulia jikoni, sufuria ya makande ikichemka upande huu, kabureta limelala kwenye ungo upande ule. Siku za mwanzo makande yalinuka petroli mpaka mumewe Hezroni akauliza kama wanakula au wanajaza tangi.

Lakini skuta ile haikuwa mchezo wa mama mzee. Ilikuwa miguu ya Hezroni.

Hezroni ndiye aliyekuwa besi ya kwaya ya wazee, na besi yake ukiisikia unajua jengo limepata msingi. Kisha sukari ikamla mguu wa kushoto, wakaukata juu ya goti. Barabara ya kwenda kanisani, ile yenye mawe na makorongo, aliichimba mwenyewe kwenye msaragambo. Mbiu ya kazi ya kijiji ikilia, yeye ndiye wa kwanza kutoka na sururu begani. Sasa vijana wa kanisa wakaja kwa moyo mweupe kabisa wakambeba kwa machela, kwenye barabara hiyohiyo, akina mama wakisimama pembeni na kusema pole, pole baba. Aliporudi alimwambia mkewe, "Mama Loth, nitabebwa tena siku moja tu, na siku hiyo sitawasikia."

Akakaa uani. Jumapili kwa Jumapili alikaa uani akiwaimbia ng'ombe.

Eliaichi hakubishana naye, alitengeneza. Nyuma ya skuta akafunga kiti cha mbao na vyuma, chenye egemeo refu na mikono miwili ya kushikilia. Kulia akaweka kikanyagio kipana kwa ule mguu uliobaki, na kushoto akaweka pete mbili za mpira wa tairi za kuchomeka magongo. Ndani ya puli ya mkanda akatoa vigololi vizito vilivyokuja na skuta, akaweka vyepesi, ili mashine ipande taratibu bila kukata pumzi. Kiti kilikuwa kibaya, jamani, tuseme ukweli. Kilifanana na banda la kuku. Lakini Hezroni alikuwa anaegesha makalio mwenyewe, anageuka mwenyewe, anakaa mwenyewe, na hakuna mtu aliyemshika hata kidole. Akarudi kwenye kwaya, na sasa Jumapili hii wazee walikuwa na wimbo wa kufunga mwaka. Besi inaanza peke yake, wengine wanafuata.

Basi Loth akafika Ijumaa, shikamoo baba, shikamoo mama, mifuko ya mchele na soda. Jumamosi asubuhi akasema, "Mama, nateremka Same na pikapu. Nipe skuta nikaifanyie sevisi, iwe zawadi yako ya sikukuu." Eliaichi akampa funguo. Sevisi! Kwani nani anakataa sevisi? Akajua ni oili na kuoshwa.

Saa tisa pikapu ikarudi. Loth akashusha skuta, na mama mtu hakuitambua. Ilikuwa nyekundu inang'aa unaweza kujitazamia. Siti mpya nyeusi, laini, inateleza. Hakuna egemeo, hakuna kikanyagio, hakuna pete za magongo.

"Kiti kiko wapi?" akauliza Eliaichi.

"Kile?" Loth akacheka. "Mama, fundi alisema hajawahi kuona kitu kama kile tangu azaliwe. Tumekitupa kwenye chuma chakavu, wakakikata palepale. Nimemwambia airudishe kama ilivyotoka kiwandani, mpaka vigololi vya ndani. Sasa ni skuta ya mtu mmoja, ya kwako, ya kwenda gulioni."

"Na baba yako?"

Hapo ndipo lilipotoka. Kumbe watoto walikuwa wamekaa kikao. Kikao, nakwambia, kwenye kundi lao la simu, na mwenyekiti Loth na katibu na ajenda: Usalama wa Wazazi. Wapare tunasemwa kwamba tunauza ng'ombe ili tushinde kesi ya kuku. Basi na vikao ndivyo hivyo hivyo, hatukohoi bila kikao. Ila wazazi wenyewe hawakualikwa. Wakubwa hawaambiwi "acheni" usoni, ni utovu wa adabu. Adabu ni kupitia mgongoni, kumbe! Wakapitisha kwamba mzee hafai kupandishwa pikipiki, na badala yake wakachanga wakanunua hiki hapa. Loth akafungua boksi kwa madaha. Kiti cha magurudumu, kipya, kinanukia duka.

Hezroni alikuwa amekaa kibarazani, anasikia kila neno. Alichukua magongo yake, akajikokota mpaka kwenye skuta, akageuka kama alivyozoea, akakaa. Siti ikateleza. Hapakuwa na mkono wa kushika wala mahali pa kukanyaga. Loth akamdaka kwapani, akamwinua juu kama mtoto anayetolewa kwenye karai la kuogea.

"Nishushe," Hezroni akasema. Sauti ile ile ya besi, lakini chini sana.

Wakamweka kwenye kiti kipya. Loth akasukuma, uani kilikwenda vizuri, mpaka getini. Nje ya geti mlima ukaanza, na magurudumu madogo ya mbele yakaingia kwenye korongo la kwanza yakakwama. Loth akasukuma, akavuta, jasho likamtoka. Mwishowe akasema, "Si neno, baba. Kesho nitatafuta vijana wanne wakubebe na kiti chako."

Wakubebe! Yaani mtoto huyu aliyezaliwa mlimani hapa, aliyeijua barabara hii kwa nyayo kabla hajaijua kwa viatu, amesafiri kutoka Dar kuja kumrudisha baba yake kwenye machela, tena machela yenye risiti! Eliaichi alihisi damu imempanda mpaka masikioni. Akamtazama mumewe. Hezroni alikuwa anaangalia mkono wake juu ya ule mkono mpya wa kiti, na midomo imefungwa. Mwaka ungefungwa bila besi.

Akaingia jikoni. Akatoka na spana, msumeno wa chuma na kopo la Blue Band la kuwekea vyuma vidogo.

"Baba Loth, hamia kibarazani," akasema. Hezroni akahamia. Eliaichi akakipindua kiti kipya miguu juu, akaanza kufungua nati ya kwanza.

"Mama! Mama, unafanya nini? Kiti kipya hicho!"

"Nakiona."

"Tumechanga watu wanne! Huwezi kukikata tu bila hata kutuuliza!"

Eliaichi akainua uso. Aliacha spana ikining'inia kwenye nati.

"Rudia."

Loth akarudi nyuma hatua moja.

"Rudia, nisikie vizuri. Bila kuwauliza?" Sauti ilipanda mpaka jirani akachungulia juu ya uzio. "Kile mlichokata leo kilikuwa cha nani? Mlimuuliza nani? Kuuliza si ujinga, Loth, na sisi tupo hapa, hatujafa, simu tunazo! Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu, eh? Umemwona baba yako alivyoning'inia mikononi mwako? Umemwona?"

"Tulikuwa tunaogopa ataanguka, mama."

"Alikuwa haanguki! Ameanguka leo, kwenye siti yako!"

Loth akaketi juu ya jiwe la kunolea, na suruali yake nzuri. Eliaichi akang'oa magurudumu yote manne akayaegemeza ukutani. Akakata fremu kwa msumeno, akabakiza kikalio, egemeo, mikono na kibati kimoja cha kukanyagia. Akakwangua rangi nyekundu ya skuta mpaka matundu yake ya zamani ya kufungia kiti yakaonekana. Ilipofika zamu ya kubana egemeo, mikono yake miwili haikutosha.

"Njoo ushike hapa," akasema bila kumtazama. Loth akaja akashika. "Kaza. Kaza kama mtu aliyekula." Akakaza. Kisha mama akafungua puli, akavitoa vigololi vizito vya kiwandani, na kutoka kwenye kopo akavirudisha vyepesi vya akiba, vilivyolika kidogo lakini vinafaa. Pete za magongo alizikata kwenye tairi la zamani. Mpaka ng'ombe wanakamuliwa jioni, kazi ilikuwa imekwisha.

Jumapili asubuhi Loth alitoka amevaa suti. Skuta ilikuwa uani inanguruma, nyekundu huku, imekwanguliwa kule, na kiti cha hospitali mgongoni, kibaya kuliko kile cha kwanza. Eliaichi alishika usukani, kitenge kimefungwa vizuri. Hezroni akaja na magongo yake, koti la kwaya limepigwa pasi. Loth akapiga hatua, mikono mbele.

"Baba, nikuinue?"

Hezroni alimpita. Aligeuka, akaegesha makalio, akakaa. Akapandisha mguu kwenye kibati. Akachomeka gongo moja, akachomeka la pili, akashika mikono ya kiti. Kisha akamtazama mwanawe, macho kwa macho, kwa mara ya kwanza tangu jana.

"Kikao kijacho mtuite na sisi," akasema. "Sasa kafungue geti."

Loth akaenda akafungua geti.