Mistari ya Chewele na ya Garsen

Maji ya El Niño yalipokwisha kurudi mtoni, mwaka wa tisini na nane, migomba ya mzee Mangi wa Garsen ilianza kufa. Majani ya chini yaligeuka manjano, yakavunjika na kuning'inia kuzunguka shina, na kabla mikungu haijanenepa mgomba mzima ulikuwa umekauka. Ukiukata, ndani unakuta madoa mekundu kama kutu. Pale Garsen wakulima hawakuchelewa kumpata mkosaji. Walisema ni ng'ombe wa Waorma, waliopitishwa mashambani mafuriko yalipowafukuza mbugani, ndio walioleta ugonjwa kwa kwato zao. Mangi akaiziba malka, ile njia ambayo ng'ombe wa Duba, Muorma rafiki yake, walishukia mtoni tangu ujana wa wazee hao wawili.

Habari zilimfikia Abdia, binti wa Duba, akiwa kazini katika maabara ya utafiti wa mimea huko bara. Alikuwa amekua kwa maziwa ya ng'ombe wa baba yake na ndizi za Mangi, kwani nyumba hizo mbili zilipeana vitu hivyo bila kupimiana. Akaomba ruhusa, akaja. Alikata vipande vya migomba iliyougua shambani kwa Mangi, kisha akapanda na mto hadi Chewele akakata vingine, kule ambako ng'ombe wa baba yake hawajakanyaga kamwe. Wazee wakakubaliana malka ibaki imefungwa mpaka alete jibu.

Maabarani alizikuza kuvu zilizotoka katika vipande vile, akazisaga, akayatia majimaji yake kwenye jeli ya wanga na kupitisha umeme. Kila aina ya kuvu ina vimeng'enya vyake. Umeme ukivisukuma hujipanga kwa mistari, na ukitia rangi mistari hiyo huonekana, ukajua ipi ni ndugu ya ipi hata kama kwa darubini zote zinafanana. Abdia alisubiri rangi ishike. Mistari ya Chewele na ya Garsen ilikuwa ile ile, hakuna uliopungua wala kuzidi. Alicheka peke yake. Kama ugonjwa ni mmoja mpaka Chewele, basi haukuletwa na ng'ombe wa baba yake.

Alirudi Garsen na picha ya jeli. Walikutana shambani, yeye, baba yake na Mangi, katikati ya migomba iliyolala chini. Akaeleza yote, polepole. Mangi aliishika picha kwa muda mrefu.

"Chewele nako kuna ng'ombe," alisema.

"Si wa Baba."

"Sikusema ni wa baba yako. Lakini niambie, mwanangu, usinifiche. Kwato zinaweza kubeba kitu hiki?"

Mistari ile humwambia mtu kuvu ni ya aina gani. Haimwambii ilisafiri na nani, na jambo hilo Abdia alilijua hata siku ile alipokuwa akicheka.

"Zinaweza," alisema. "Na jembe linaweza, na machipukizi mnayogawiana, na maji yenyewe. Mimi nadhani ni mafuriko, Baba Mangi. Ila siwezi kuapa."

Mangi alikuwa amekwisha kumrudishia picha. Neno la kwanza lilimtosha. Akauliza kama iko dawa, akaambiwa hakuna. Akauliza kitu hicho kitakaa udongoni mpaka lini.

"Hata wajukuu wako watakikuta."

Akaitikia kwa kichwa, akarudi kung'oa migomba.

Wazee hawakuhitaji kikao kirefu. Malka ilifungwa moja kwa moja, na Duba akaanza kuwazungusha ng'ombe kwa njia ya mbali, juani, ambako ndama dhaifu walibaki nyuma na hawakuonekana tena. Nyumbani kwa Mangi chai ikanywewa kavu, bila maziwa. Alijaribu kupanda migomba ya kisukari mara nyingine kwenye pembe ya shamba aliyodhani ni salama, nayo ikakauka vile vile.

Asubuhi ya kuondoka, Abdia alimsaidia baba yake kutoa ng'ombe zizini. Duba hakuwa amemlaumu kwa lolote tangu siku ile.

"Ungesema tu kwato haziwezi," alisema sasa.

"Ningekuwa nimesema uongo, Baba."

"Ndiyo," alisema Duba, akawafuata ng'ombe wake.