Sare ya Waheshimiwa Watano

Floribert alikabidhiwa waheshimiwa watano kama mtu anavyokabidhiwa mbuzi wa harusi: walishe, wafunge vizuri, wasiibwe kabla ya siku yenyewe. Hiyo ndiyo kazi iliyomwangukia kule Guangzhou, mwezi wa kumi, mwaka ule ambao gavana wa jimbo lao aliangushwa.

Huyo gavana aliyeanguka naye asemwe kidogo, maana bila yeye mambo haya yasingekuwepo. Alinunua gari moja la wagonjwa, moja tu, akalizindua katika kila wilaya kama gari jipya. Likitoka wilaya hii linapakwa rangi nyingine, linaendeshwa usiku, asubuhi linakatiwa utepe kwingine. Mpaka siku moja rangi haijakauka, bibi mmoja mgonjwa akapandishwa ili apigwe picha, akateremshwa mgongo wote kijani. Ndipo baraza la jimbo likamtoa. Na kwao huko gavana hachaguliwi na wananchi kwenye foleni, la. Anachaguliwa na wajumbe wa baraza, hao wanaoitwa waheshimiwa, wachache hivi wanaenea kwenye basi moja. Kwa hiyo ukifika wakati wa kura, mheshimiwa mmoja ana thamani kuliko daraja.

Wagombea walikuwa wawili. Mmoja alikuwa Baba Lami, aliyeitwa hivyo kwa sababu aliwahi kupewa kazi ya kutia lami barabara ya kwenda mgodini, na lami ikaishia kwenye geti lake. Wa pili alikuwa Profesa. Alifundisha chuo gani hakuna aliyejua. Ukimuuliza anasema kiliungua. Hao wawili walitukanana redioni asubuhi na jioni, hata watoto wakawa wanacheza mchezo wa Baba Lami na Profesa, mmoja anashika fimbo, mwingine anashika kitabu.

Floribert alikuwa upande wa Baba Lami, na si kwa mapenzi. Mke wake, Felisia, alikuwa na meza ya vitenge pale Soko la Chini. Alianza kuuza pale akiwa na mimba ya kwanza, ya Loïc, na watoto wote walilala usingizi wao wa mchana chini ya meza ile. Floribert alikuwa ananunua vitambaa China, Felisia anauza, ndiyo maisha yao yote hayo. Sasa ikasemwa Profesa anataka kuliuza soko, pajengwe jumba la vioo. Baba Lami akasimama kanisani, akaweka mkono juu ya Biblia, akasema: soko la akina mama haliguswi. Basi. Felisia alilia siku hiyo, na Floribert akawa mtu wa Baba Lami.

Ndiyo maana simu ilipokuja hakukataa.

"Papa Flori," Baba Lami akamwambia, "nakuletea wageni watano. Profesa huku ananunua wajumbe mchana kweupe. Huko China hakuna atakayewafikia. Walale, wale, watembee. Watarudi kura ikiwa karibu. Na simu zao zote uzichukue."

Kwenye karatasi za serikali iliandikwa safari ya mafunzo.

Akawapokea uwanja wa ndege wa Baiyun, akawapeleka hoteli, akakusanya simu zao akazifungia kwenye begi. Mtu mzima, lakini hapo hakufikiri. Kuchukua simu ya mtu Guangzhou ni kama kumficha mtu maji halafu unamwacha mtoni. Ilipofika jioni kila mheshimiwa alikuwa na simu mbili mpya, na yule aliyeitwa Tahir, mnene, mcheshi, mwenye kofia ya kitani, alikuwa nazo tatu.

"Hii ya mke," Tahir akasema, anazipanga kitandani. "Hii ya kazi."

"Na hiyo ya tatu, mheshimiwa?"

"Hiyo ni ya mafunzo."

Aliwapeleka Pazhou kwenye maonyesho makubwa ya biashara, ili walau mafunzo yawepo. Walitoka kila mmoja amejaza mifuko ya bure na vitabu vya picha za mashine. Tahir alisimama mbele ya tingatinga la njano akauliza kama wanaweza kumpa moja la kuonja. Mama Émérance, ambaye ndiye alikuwa mwanamke pekee kati yao, mwembamba, mkali, mwalimu wa zamani, alikaa kwenye kiti akavua viatu.

"Papa Flori," akasema, "na wewe umetununua kwa bei gani?"

"Mimi ni mchungaji tu, mama."

"Mbuzi nao humwita hivyo mchinjaji."

Siku iliyofuata Floribert aliwaacha wanalala, akaenda zake Zhongda, kwenye soko la vitambaa. Pale alikuwa na laoban wake, yaani tajiri mwenye duka, anaitwa Liang, ambaye wamefanya kazi naye mpaka Liang amejua Kiswahili cha kwenye vidole. Liang akamshika mkono, akampeleka nyuma ya duka, amefurahi kama mtu anayeonyesha mtoto mchanga.

"Rafiki, angalia. Watu yako. Zuri?"

Akakunjua kitenge kipya, wino bado unanuka.

Floribert akaangalia. Katikati kulikuwa na nyuso mbili ndani ya duara moja. Kulia Baba Lami anacheka. Kushoto Profesa anacheka. Chini yake maandishi, na Floribert husoma polepole, kidole kikitangulia: GAVANA NA MAKAMU WAKE, MUNGU AMEWAUNGANISHA. Akadhani miwani imeharibika. Akaivua, akaifuta kwa shati, akairudisha. Bado wanacheka wote wawili.

"Nani ameleta?"

"Mtu ya kwenu. Nguo ya sherehe. Bado siri kidogo," Liang akasema, naye anaionyesha.

Maana hivyo ndivyo wakubwa walivyo. Siri wanamficha jirani, wanamficha mke, halafu wanaipeleka kwa fundi iandikwe kwa herufi kubwa. Kiwanda kinahitaji muda, meli inahitaji muda, na sherehe bila sare si sherehe. Kwa hiyo nguo hutangulia habari.

Lakini lililomkalisha Floribert chini halikuwa zile nyuso. Lilikuwa pindoni. Kuzunguka kitambaa chote, jumba la vioo, jumba la vioo, jumba la vioo, na kando ya kila jumba tangi la maji lililoinama, lenye miguu mitatu. Dunia nzima kuna tangi moja tu lililoinama hivyo. Liko Soko la Chini, hatua kidogo kutoka meza ya Felisia. Mchoraji amelichora tangi vizuri, mpaka kutu. Soko hakulichora.

Akarudi hoteli na kipande cha kitenge kile kifuani. Akamwita Mama Émérance pembeni, akamuuliza bila kuonyesha kitambaa.

"Mama, hivi Baba Lami na Profesa ni maadui?"

"Maadui wakubwa."

"Hawawezi kupatana?"

Akamtazama. "Wewe umesikia nini?"

"Mimi nauliza tu."

"Basi na mimi sijui kitu. Lakini kama wamepatana, mimi nilikuwa upande huo tangu zamani."

Akaenda kwa Tahir. Tahir akafunga mlango kwanza.

"Mzee wangu, mimi nimeahidi huku, nimeahidi kule. Nikisikia wamepatana nitashukuru Mungu, nitakuwa sijamdanganya mtu."

Wale watatu wengine kila mmoja alimwambia lake, na hakuna lililofanana na la mwenzake. Floribert akatoka akakaa kwenye ngazi. Sasa yuko upande gani? Anamlinda nani asiibwe na nani, kama mwizi na mwenye zizi wanakula sahani moja? Akipiga simu kwa Felisia amwambie, nani atamwamini? Mume yuko China, anasema ameona kitambaa; Baba Lami aliapa kanisani mbele ya watu wote. Na akiwaambia waheshimiwa, ndani ya dakika moja zile simu zao zote zitakuwa zinalia, Baba Lami atajua, na nguo itachomwa moto kabla mama yeyote hajaiona.

Aliwaza hivyo mpaka chai ikapoa. Halafu akarudi Zhongda. Hata njiani hakuwa na hakika anafanya nini. Miguu ilikuwa mbele ya akili.

Liang alimpa kitambaa kwa furaha, akidhani mzee ni wa sherehe. Kwenye kichochoro nyuma ya soko kuna mama mshonaji ambaye ukimpa kitambaa unakunywa maji, ukimaliza nguo iko tayari. Floribert akatoa vipimo kwa kukisia, yeye macho yake ni futi. Mashati manne, na gauni refu la Mama Émérance. Akamsihi mshonaji kwa mikono na kwa kichwa: pindo lisikatwe. Nyuso zikae popote, hata mgongoni, lakini pindo liwe lote, chini, mbele.

Siku ya kuondoka aliwakusanya chumbani kwa Tahir. Kwao watu waliosafiri pamoja wakarudi na nguo tofauti huonekana wamegombana njiani, na zawadi ya kitambaa haikataliwi hata na adui. Akaweka nguo kitandani.

"Waheshimiwa, sare imetoka," akasema. "Ndiyo hii. Mtashuka nayo."

Tahir akainua shati, akaona uso wa kwanza, akaona wa pili. Kidevu kikashuka. Akamwangalia Émérance. Émérance alikuwa anamwangalia mwenzake wa dirishani, naye anaangalia viatu vyake. Chumba kizima kila mtu anapima: je, mimi peke yangu ndiye sikuambiwa? Floribert alitegemea watauliza.

Wa kwanza kusema alikuwa Tahir.

"Ah, hii," akasema. "Mimi nilijua tangu nyumbani."

"Wewe umejua nyumbani?" Émérance akasema. "Mimi nilikuwepo walipochagua rangi."

"Rangi nzuri," akasema wa dirishani.

"Imetulia," akasema mwingine.

Hakuna aliyeuliza imetoka kwa nani. Kuuliza kungekuwa kukiri kwamba wakubwa wamekutoa nje ya mlango. Wakavaa. Tahir shati lilimbana, nyuso mbili zikanyooka tumboni kama zimeshtuka. Hakuna aliyetazama pindo, na Émérance akageuka mbele ya kioo akasema mshonaji ana mkono.

Ili kuwapeleka Baiyun, Floribert alikodi magari mawili, moja la watu na moja la mizigo. Kabla hawajaondoka alimpigia Felisia.

"Waambie akina mama waende kuwapokea waheshimiwa uwanja wa ndege."

"Tuwapokee kwa lipi?"

"Nendeni tu. Mtazame nguo zao. Pindoni, mama Loïc. Pindoni."

"Wewe umeanza kunywa huko?"

"Pindoni," akasema tena, akakata, maana angesema zaidi angeharibu.

Halafu akasubiri. Ndege inakwenda Addis Ababa kwanza, kisha wanapanda ndogo, kisha nyumbani. Hakula. Alipanga marobota ya vitambaa ambayo yalikuwa yamekwisha kupangwa.

Wa kwanza kupiga alikuwa Baba Lami mwenyewe.

"Papa Flori. Nguo ile. Nani kawapa?"

"Nilifikiri imetoka kwako, mheshimiwa."

"Kwangu?"

"Uso ni wako."

Huko upande wa pili mtu akahema. Akisema ndiyo, amekiri. Akisema hapana, basi imetoka kwa Profesa, na Profesa amemwanika makusudi.

"Profesa amekuja huko?" akauliza polepole.

"Mimi simjui Profesa, mheshimiwa. Namjua kwenye kitambaa tu."

Simu ikakatwa.

Felisia alipiga kesho yake, naye alianza kwa kucheka, halafu akasimulia. Waheshimiwa wameshuka kwenye ngazi ya ndege wanapunga mikono. Ngoma ya Baba Lami iko upande huu, ngoma ya Profesa upande ule, polisi katikati. Ngoma zikapigwa, zikapungua, zikanyamaza. Kila upande unamwona mtu wake kifuani kwa adui. Ndipo mama mmoja muuza dagaa akapiga magoti mbele ya Mama Émérance, watu wakadhani anamsalimu kwa heshima. Kumbe anashika pindo.

"Akasema, tangi letu hili," Felisia akasimulia. "Tangi letu, jumba hili, na sisi tuko wapi?"

"Émérance akajibu nini?"

"Akajitazama. Ndiyo mara ya kwanza anajitazama chini. Akasema mtakuwa ndani ya jumba. Yule mama akamuuliza, ndani wapi, ghorofa ya ngapi, na dagaa nitapandisha kwa lifti?"

Kutoka uwanjani akina mama walikwenda moja kwa moja kwenye baraza, wakakaa mlangoni na watoto na masufuria. Jioni Baba Lami alisema redioni kwamba hajawahi kukaa meza moja na Profesa. Profesa akasema ule uso si wake, ni wa mtu anayefanana naye. Kila mmoja akaamini mwenziwe ndiye aliyemwuza, wakaanza kutoana siri: nani alipewa nini, mkataba wa soko ulisainiwa kwa nani. Waheshimiwa nao, kwa kuwa hawajui tena nani yuko na nani, hawakuweza kupiga kura. Ikaahirishwa.

"Kwa hiyo gavana ni nani?" Floribert akauliza.

"Hakuna anayejua. Mwingine anasema watarudisha yule wa gari la wagonjwa."

"Na soko?"

"Leo lipo."

"Kesho?"

"Kesho sijui, baba Loïc. Wameandika bango kwamba mkataba umesimamishwa, halafu bango lenyewe limeandikwa na nani hatujui. Akina mama wanapokezana pale barazani. Zamu yangu ni jioni."

Floribert akataka kumweleza yote, Liang, mshonaji, namna walivyosema walijua tangu nyumbani, na kwamba yeye mwenyewe haelewi kama amefanya vizuri au amekoroga zaidi. Akafungua mdomo.

"Subiri, kuna mteja," Felisia akasema.

Akasikia simu inawekwa juu ya meza. Akasikia kitambaa kinakunjuliwa, mama anataja bei, Felisia anaguna, mama anaongeza kidogo, mtoto analia karibu, mtu anapita anauza maji. Floribert akakaa juu ya robota na simu sikioni, anamsikiliza mkewe akikataa bei ya kwanza, na ya pili.