Familia ya Bi Coyle

Miaka kumi na moja nimesimama kaunta ya nne ya duka lile kubwa hapa Dayton. Mwenzangu Twyla ana miwili tu. Sasa niambie wewe, nani alistahili kuchaguliwa?

Bi Coyle, mgombea useneta, alikuja kwenye maegesho yetu kuwasuta wenye duka kwa mishahara kiduchu. "Eti wanawaita washirika!" alifoka. "Mshirika gani anafanya kazi wiki nzima, halafu anakula kwa kadi ya msaada wa chakula ya serikali? Wamewapa neno tamu, hela wamebaki nazo!"

Tulipiga makofi hadi viganja vikawaka. Akasema anamtaka mmoja wetu akafanye kazi ofisini kwake. Mimi nilikuwa mbele kabisa, nimepaka na rangi ya midomo. Akamshika mkono Twyla.

Wivu ulinikaba, sifichi. Twyla akaacha kazi dukani, na kila nilipomwona kwenye televisheni nyuma ya Bi Coyle, meno yote nje, nilizima.

Baada ya mwezi akaja kaunta yangu na mkate na siagi ya karanga. Shingoni ana beji: FAMILIA YA COYLE.

"Karibu, mheshimiwa," nikamchokoza. "Kumbe wakubwa nao wanakula mkate?"

Akatoa kadi ya msaada.

"Makubwa! Kwani hawakulipi?"

"Wanasema sisi si wafanyakazi, shoga. Sisi ni familia." Akashusha sauti. "Ijumaa tunapewa piza."

Mungu anisamehe, nilicheka hadi foleni ikaguna. Kisha nikaona machozi yanamlengalenga, nikaona haya.

Jumamosi Bi Coyle akarudi maegeshoni na maneno yaleyale, Twyla nyuma yake jukwaani. Nikanyoosha mkono, nikapewa kipaza sauti.

"Mama, Twyla unamlipa dola ngapi kwa saa?"

Akatabasamu. "Aa, Twyla si mfanyakazi. Twyla ni familia!"

Watu wote wakaguna. Twyla akavua beji, akamkabidhi mbele ya kamera, akashuka jukwaani.

Siku hiyo nilijiona mtu. Hatimaye na mimi nimeonekana! Asubuhi nikakimbilia gazeti. Ukurasa wa kwanza, picha kubwa: Twyla na beji yake. Nikaisoma habari yote nikijitafuta, hadi nikajikuta chini kabisa. Swali, waliandika, liliulizwa na mteja mmoja.