Mke wa Kiraka

Kila jioni kabla ya zamu yake hospitalini, Ndeshi alimrushia mumewe mipira nyuma ya nyumba za kupanga walikoishi, mtaa wa Sharpstown, Houston. Hakuwa na ufundi. Alivaa sare ya unesi na kandambili, akaipiga mipira kwenye saruji jinsi mkono ulivyomtuma, na Mwenda akainama, akaidaka kwa glavu, akaibingirisha kurudi kwake. Mpira uliogonga ufa na kuruka kombo ndio uliomfurahisha Mwenda zaidi. Katika besiboli, alisema, kazi ya mlinzi wa vituo vya ndani ni kutoshtuka.

Tangu Machi hakuwa na timu. Shule moja ya jirani ilimtaka awafundishe vijana wake besiboli, na jibu lilikuwa likingojewa. Siku hiyo Ndeshi alikuwa ameshika maneno yake tangu asubuhi. Alibaki na mpira mkononi, akafungua kinywa, na simu ya Mwenda ikalia.

Alikuwa wakala wake. Mwenda alisikiliza, akasema "ndiyo" mara kadhaa, kisha akaketi ukingoni mwa saruji.

"Ligi kuu," alisema. "Kuna mtu wao kavunjika kidole. Wanacheza Arlington kesho."

Ndeshi akaketi kando yake. Akamshika mkono.

"Ulikuwa unataka kusema nini?" Mwenda aliuliza.

"Basi tu. Twende tukafungashe."

Mwenda alikuwa na miaka thelathini na miwili. Alikulia Irving, jirani na Arlington, kwa wazazi waliotoka Meru, na baba yake, Mzee Shem, alimwita kiraka, kama anavyoitwa nyumbani mchezaji wa kandanda anayepangwa popote penye pengo. Timu saba zilikwisha kumtumia hivyo. Muda mwingi alikuwa ligi ndogo, kwenye mabasi na miji ambayo Ndeshi aliijua kwa majina ya hoteli zake. Mwaka wa kwanza wa ndoa alimfuata. Baadaye akabaki Houston, maana naye alikuwa na kazi yake na wagonjwa wake. Mtoto walisema mwakani. Mwaka uliofuata wakasema tena mwakani.

Huko Arlington ukoo mzima ulikwenda uwanjani. Jioni tatu Mwenda alikaa benchi. Ya nne aliingizwa mwishoni, na mpira mmoja ukamjia chini chini, mkali. Akaudaka, akautupa kituo cha kwanza kabla mpinzani hajafika, naye akatolewa. Basi.

"Huu mchezo wenu," alisema Otieno, jirani wa wazazi. "Mtu anasimama masaa matatu ndiyo afanye kazi ya dakika moja?"

"Na wewe kazini unasimama masaa mangapi?" Mama Kezia, mama yake Mwenda, alimjibu, na watu wa safu nzima wakacheka. Ndeshi hakucheka. Alikuwa akimtazama Mwenda akiondoka uwanjani ameinamisha kichwa, akijaribu kuficha tabasamu, na alijua kwamba kumwomba mtu huyo aache ni kumwomba kitu kizito.

Asubuhi yake timu ikampata mchezaji mwingine. Mwenda akaambiwa achague: ashuke ligi ndogo, mbali kabisa kaskazini, au aende zake. Jibu lilihitajika Jumatatu.

Lakini Mama Kezia alikuwa ameshatangaza kanisani ibada ya shukrani nyumbani Irving, Jumapili alasiri. Pilau ilikuwa jikoni, mukimo wa viazi na mahindi umepondwa.

"Mama, si uahirishe tu? Wanakuja kushukuru nini sasa?" Mwenda aliuliza.

"Umeamka mzima?"

"Nimeamka."

"Basi beba viti."

Wakiwa wanapanga viti hivyo alimgeukia mkewe. "Wewe unaonaje? Niende?"

"Utakavyoona wewe," Ndeshi alisema, na papo hapo akajichukia.

Wageni walipojaa, Mzee Shem alisimama na kueleza kwamba mwanawe amepewa uhamisho.

"Uhamisho si kufukuzwa," aliongeza upesi. "Mimi mwenyewe nikiwa mwalimu kule nyumbani nilihamishwa mara nne."

"Na mara zote ulinung'unika," Mama Kezia alisema.

Ndipo Mchungaji Patroba akaomba kila mmoja ataje haja yake, kwa zamu, kabla ya sala. Ilikuwa desturi yao. Mmoja akaomba Mwenda apandishwe tena upesi. Mwingine akaomba adui zake wanyamaze. Otieno akaomba Mwenda apewe walau dakika mbili, na akakanyagwa mguu na mkewe. Mwenda alisema amina kwa kila ombi, na kila amina ilikuwa ndogo kuliko ya kabla yake.

Zamu ikamfikia Ndeshi. Katika ibada kama hizi, miaka yote, alikuwa akisema, "Mumwombee safari njema," kisha akaketi upesi kwa haya. Sasa alisimama na kuanza vilevile.

"Mumwombee safari..."

Mama Kezia akainua macho, akamtazama mkwewe kama anayemwona kwa mara ya kwanza siku hiyo.

"Mchungaji, nisamehe, nitasema upya," Ndeshi alisema. Hakumtazama mchungaji. Alimtazama Mwenda. "Nilikuona juzi. Unaujua huo mchezo, nami nimeupenda kwa ajili yako. Lakini sitaki uende. Nataka ubaki Houston, ufundishe wale vijana, tulale nyumba moja, tupate mtoto. Hicho ndicho nilichokuwa nataka kusema siku ile simu ilipolia."