Skuta ya Rangi ya Chungwa

Skuta ya mjukuu wangu Jalila ilipofika hapa mtaani kwetu Shika Adabu ilikuwa ya kijivu, imekwaruzika ubavu mzima, na kioo chake kimoja kilifungwa kwa mpira wa tyubu. Jalila akaizunguka mara mbili huku akicheka. Alikusudia kubeba wanawake peke yao, hasa wale wa mabuibui wasiopenda kujibanza mgongoni kwa mwanamume asiyewahusu, na alikwisha kuwatangazia karibu Likoni nzima: Jumatatu asubuhi pale steji, tafuteni skuta ya rangi ya chungwa, ndiyo yangu.

Vikorokoro tulivitia wenyewe barazani. Wavu wa chuma kando ya gurudumu, buibui lisije likanaswa. Kibao kirefu cha kuwekea miguu, kwa anayekaa upande. Boksi la nyuma la kutilia vitu vya sokoni, na vioo viwili vipya. Kava la kiti nililishona mimi kwa cherehani yangu, na ukingoni nikazungusha utepe mweupe, mshono mara mbili. Kiti ndicho kinachokaliwa, hakitaki haraka.

Ikabaki rangi. Jalila alikuwa Changamwe akimalizia mafunzo ya udereva, akanipigia simu niipeleke kwa fundi Kaviha, nimwambie rangi ya chungwa, basi. Mimi maneno matupu siyaamini. Ukimwambia fundi buluu, ana buluu kumi. Nikapita kwa jirani yangu Mwanatatu, muuza matunda, nikapekua kapu lake lote mpaka nikapata chungwa moja la Kwale, limeiva vizuri, ngozi haina doa. Sikumwambia la nini. Nikampa Kaviha mkononi: rangi iwe hii hii.

Jumapili jioni Jalila akarudi, tukaenda kuichukua. Kaviha akavuta turubai taratibu, uso umejaa raha.

Skuta ilikuwa ya kijani. Kijani cha kung'aa, na mbele, juu ya taa, umanjano kidogo uliofifia pole pole.

"Bibi," Jalila akasema, "ulimwambia rangi gani?"

"Ya chungwa."

Kaviha akaleta lile chungwa, limeanza kunyauka, akaliweka juu ya kiti. Akaeleza kwamba alichanganya rangi mara tatu ndipo ikakubali, na ule umanjano ni pale chungwa lilipopigwa na jua. Kweli, hukuweza kuvitenganisha.

Jalila akaziba mdomo kwa mtandio. Akanieleza kwamba yeye alitaka chungwa la vitabuni. Nikamwambia ile ni rangi ya papai, angesema papai ningepeleka papai. Kuipaka upya kulitaka siku mbili, na kesho yake ndiyo Jumatatu. Wateja wangemtafuta wasimwone, na kazi yake ingekufa siku ya kwanza, kwa mkono wangu.

Asubuhi nikapanda nyuma yake, nimsindikize. Steji ilijaa bodaboda, na moja, wallahi, ilikuwa ya lile papai lenyewe, tangi mpaka madigadi. Mwanatatu alikuwa amesimama mbele yake na makapu mawili matupu, anangoja kupelekwa feri aende kununua matunda Kongowea. Kijana wa bodaboda ile akawa anambembeleza: si unatafuta ya rangi ya chungwa, mama, basi panda.

"Hiyo karoti, baba," Mwanatatu akamjibu. Akageuka, akatuona tukiwa bado mbali, akainua kapu juu. "Jalila! Nimeiona!"

Jalila alicheka hata skuta ikamzimikia katikati ya njia.

Nikashuka, tukaisukuma mpaka steji, nikapangusa kiti. Mwanatatu akakaa upande, akaegesha miguu kwenye kibao, akakusanya buibui nyuma ya wavu. Nyuma yake walikwisha kusimama wanawake wengine wawili wakiuliza zamu. Kabla hawajaondoka Mwanatatu akainama mbele, akagusa ule umanjano juu ya taa kwa kidole, kama anavyofanya kwenye kapu lake.

"Hili limeiva," akasema. "Twende."