Kumbukumbu Zifutwe?

Mchezaji wa pili alikuwa akitembea kuelekea majini, na pedi yake ilikuwa imelala mezani, haijaguswa na mtu.

Mutalemwa alitazama. Ilikuwa saa nne asubuhi. Jua la Kiseke lilikuwa limeingia chumbani hadi kwenye miguu ya kiti. Kwenye skrini, msichana aliyechorwa kwa rangi chache alitoka kwenye nyumba ya mbao, akavuka shamba la mahindi, akafika ufukweni, akasimama. Hakuingia. Alisimama tu, amewapa mgongo.

"Umeona?" alisema Maige, fundi wa kiwandani Nyakato. Alikuwa mnunuzi wa tatu wa mashine hiyo ya gemu, na wa tatu kuirudisha.

"Pedi zikichoka hufanya hivyo. Vumbi linaingia chini ya kijiti, kinalala upande mmoja."

"Kaka, vumbi halina njia. Huyu ana njia. Kila siku anapita palepale kwenye mahindi." Maige alijikuna shingo. "Sisemi ni pepo. Mimi mtu wa kanisani. Nasema tu mke wangu hakai nayo sebuleni. Anasema hawezi kula huku mtu amempa mgongo."

"Mwambie pole."

"Pole haimtoshi. Nipe nyingine, la sivyo nitaandika kwenye ukurasa wako nilichokiona."

Mutalemwa alimpa nyingine, akamfungia vizuri, akamsindikiza hadi barabarani.

Duka lake halikuwa na mlango wala kibao. Lilikuwa ukurasa kwenye simu, na nyuma ya ukurasa huo chumba kimoja chenye rafu nne. Alikuwa amejifunza kazi peke yake, kwa kufungua mashine mbovu na kuzifunga tena. Adha zake zilikuwa ndogondogo: watu wa kuuliza bei na kupotea, vifurushi vinavyolala gatini wakati mteja anavisubiri Ukerewe, na yale matangazo ya mwanzo, alipoandika "Pedi za kila aina zipo" na kupokea jumbe kumi na saba za wanawake wakitaka kujua kama zina mabawa. Siku hizi aliandika "pedi za gemu". Furaha zake nazo zilikuwa ndogo: picha ya familia nzima imekaa sakafuni, na chini yake neno moja, "Umefika."

Watu walimwamini kwa sababu ya sentensi moja aliyoiweka chini ya kila mashine iliyotumika: *Imesafishwa, imejaribiwa, hakijabaki cha mtu.* Hakuwahi kuiandika kwa uongo. Maige akiandika alichokiona, sentensi hiyo ingekufa, na duka lingekufa nayo.

Alikaa, akafanya kazi kwa utaratibu wake. Alifuta kumbukumbu za mashine, kama alivyozifuta kabla ya kila mnunuzi. Aliiwasha. Nyumba ya mbao ilikuwepo. Mahindi yalikuwepo. Alitoa betri kwenye pedi ya pili na kuiweka kando. Msichana alitoka mlangoni, akapita kwenye mahindi, akasimama mbele ya maji.

Mutalemwa aligundua kwamba alikuwa akipumua taratibu mno, kama mtu asiyetaka kusikika.

Akafungua kwenye simu fomu iliyojazwa na aliyemuuzia mashine hiyo. Kila muuzaji huijaza. Jina: Apiyo. Mahali: Kirumba. Swali la sita aliliandika mwenyewe: *Kumbukumbu zifutwe?* Wengi hujibu ndiyo. Apiyo alikuwa ameandika: *Hapana. Kumbukumbu bado hatujafanya.*

Siku ile alicheka kidogo, akidhani dada wa watu hajui mambo ya mashine, akafuta. Sasa aliisoma tena. Hata Mhaya kama yeye alijua kwamba kwa Wajaluo Apiyo ni pacha anayetangulia, na kwamba yupo anayemfuata.

Alifika Kirumba saa nane, mashine kwenye begi, pedi moja tu. Ile ya pili aliiacha mezani bila betri yake. Mlango ulifunguliwa na msichana mrefu mwenye khanga kiunoni. Nyuma yake mama mtu mzima alikuwa akichambua mchele kwenye ungo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Karibu, baba."

Apiyo alilitazama begi. "Imeharibika?"

"Hapana. Nilifuta bila kukusikiliza. Nimekuja kuomba radhi, na kuirudisha."

"Kama ulifuta, unarudisha nini?"

"Hazikufutika."

Apiyo aliitoa mashine kwenye begi. Aliunganisha nyaya mwenyewe, haraka, kama mtu anayefunga kamba za viatu. Alisema akiwa amewapa mgongo: "Adongo, pacha wangu, alipanda mtumbwi kwenda kisiwani kwenye mnada. Huu ni mwezi wa kumi na moja tangu siku hiyo. Mtumbwi ulizama, hawakumwona. Mama anasema hakuna kaburi, basi hakuna ibada."

"Nimesema nitasubiri," alisema mama, mikono ikiendelea na mchele.

Skrini iliwaka. Mchezaji wa pili alitoka mlangoni. Ungo ukanyamaza.

"Huyo ni nani anamchezesha?" mama aliuliza.

Msichana alipita kwenye mahindi, akafika majini, akasimama. Apiyo alichukua pedi, akamtoa mchezaji wa kwanza nyumbani, akampitisha njia ileile hadi wakasimama wawili, bega kwa bega.

"Majirani wananiambia bila ibada nimemfungia nje," mama alisema taratibu. "Mimi nilidhani namwachia mlango." Aliweka ungo chini. Mchele ulimwagika kidogo, hakuuokota. "Apiyo. Nenda kwa katekista. Mwambie ibada ni Jumamosi."

Jumamosi alasiri, Mutalemwa alikuwa akifunga mzigo wa kwenda Sengerema. Maige alikuwa ameandika kwenye ukurasa: *Mashine ya pili nzuri. Jamaa ni mwaminifu.* Aliisoma, akashukuru kimoyomoyo. Kisha simu ikalia tena. Ujumbe wa Apiyo.

*Ibada imekwisha. Amegeuka. Yuko mlangoni.*

Aliusoma mara mbili. Mezani, pedi ya pili ilikuwa palepale alipoiacha, betri yake kando. Aliifuta vumbi kwa kitambaa. Akarudisha betri. Akaifunga kwa karatasi laini, kisha boksi, kisha gundi pande zote nne, kama mzigo mwingine wowote, na kwenye nafasi ya mpokeaji akaandika, kwa herufi kubwa zinazosomeka: ADONGO, KIRUMBA.