Sema Hapana, Kisha Hesabu Kumi

Kijiti alisimama mlangoni mwa duka la kushonea saa nne asubuhi, wakati ambao mwanafunzi yeyote alipaswa kuwa darasani, na Fundi akajua kabla hajaambiwa kwamba mambo yameharibika.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Nani kafa?" aliuliza kwa kona ya mdomo.

"Bado. Nimetumwa nikulete kwa mwalimu mkuu. Wamesema uje na kalamu."

Fundi aliondoa mguu kwenye cherehani. Mdomoni alikuwa amebana pini nne za sketi aliyokuwa akiipinda, akazitema moja moja kwenye kikopo. Chini ya meza mwanawe wa miaka miwili, ambaye mtaa mzima ulimwita Bosi kwa jinsi alivyopenda kuagiza, alikuwa akirundika mabaki ya vitambaa.

"Kaa. Nieleze kama vile mimi mgeni, sijui lolote."

Msichana alikaa ukingoni mwa benchi. Jina la Kijiti alilipata kwa wembamba wake, lakini vijiti vingine ukivikanyaga vinakuchoma mguu.

"Ni Mwalimu wa Nidhamu. Juzi alikuja darasani akaniambia nikamwoshee pikipiki. Ilikuwa kipindi cha hesabu. Basi nikafanya kama ulivyotufundisha. Nikamwamkia. Nikasema, hapana, mwalimu. Nikasema, leo tunaanza sehemu. Halafu nikanyamaza."

"Ukafika ngapi?"

"Saba. Ya nane nimeihesabia nje, na tangu hapo sijaruhusiwa kurudi darasani."

Fundi aligeuza uso ili asionekane anacheka. Kisha kicheko kikamkauka, kwa kuwa neno moja katika maelezo yale lilikuwa limemwingia kama sindano chini ya kucha. Sehemu.

Kila Jumatano, katika mpango wa majuma sita, Fundi alikuwa akiendesha warsha katika shule ile, yeye na wenzake watatu waliosoma naye masomo ya jioni, kila mmoja na shule yake. Hawakumdai mtu chochote, na hilo ndilo lililowatia watu wasiwasi. Siku ya kwanza aliwafundisha vijana namna ya kuvuta pumzi moyo unapokwenda mbio, na ofisi ya walimu ilicheka hadi chai ikamwagika. "Mtu anafundishwa kupumua? Alikuwa anaishije mpaka leo?" Tangu hapo warsha ikaitwa Somo la Kupumua, ikapewa chumba cha madawati mabovu. Fundi hakujali. Jumatano ya pili wakazungumza juu ya hasira, ya tatu juu ya marafiki, na ya nne juu ya kukataa.

Hiyo ya nne ilikuwa na hatua nne, na aliwafanyisha mazoezi wawili wawili mpaka sauti zikawakauka. Kwanza salamu, maana heshima haipunguzwi hata kidogo. Pili, hapana, yenyewe, bila kuivalisha nguo. Tatu, sababu moja tu. "Sababu ya pili ni mlango wa uani," aliwaambia. "Mtu mzima atazunguka aingilie huko." Nne, unanyamaza na kuhesabu kumi moyoni. Hatua hiyo ya nne iliwashinda wengi. Mtoto angekataa vizuri kabisa, halafu kimya kikimwelemea anaanza, samahani mwalimu, sikuwa na maana hiyo, basi naenda. Kijiti ndiye wa kwanza kuifikisha kumi.

"Twende," alisema Fundi. Akamfunga Bosi mgongoni, akageuza kibao cha mlangoni, akatia kalamu kwenye mfuko wa gauni.

Njiani Fundi alikuwa akimwona akilini msichana mwingine, wa umri uleule, aliyekuwa hodari wa hesabu mpaka siku mwalimu wake alipogundua kwamba ni hodari pia wa kufua. Majuma matatu alifua mashati ya mwalimu yule nyuma ya nyumba yake, huku wenzake wakisoma sehemu. Aliporudi darasani aliikuta namba moja imekaa juu ya nyingine na mstari katikati, na hakuna aliyekuwa na muda wa kumweleza zinafanya nini pale. Akaanguka mtihani. Nyumbani wakasema kichwa chake kizito. Na yeye akaamini. Alikuja kujifunza sehemu akiwa na miaka ishirini na minne, kwenye masomo ya jioni, Bosi akinyonya mapajani, na usiku alipoelewa kwamba robo tatu ni ileile robo tatu ya yadi aliyokuwa akikata kila siku kwa mkasi, alilia juu ya daftari. Mwalimu wa jioni alidhani mtoto amemng'ata.

Ofisi ya mwalimu mkuu ilikuwa na kabati la vikombe vya michezo, feni isiyozunguka, na dirisha pana linalotazama korido. Mwalimu mkuu alikaa nyuma ya meza. Mwalimu wa Nidhamu alisimama kando yake, mikono nyuma, mkubwa kama lango. Pembeni alikaa Karani, mama wa makamo mwenye miwani ya kamba, kitabu cha kumbukumbu za vikao kikiwa wazi mbele yake. Kijiti aliambiwa asubiri mlangoni.

Fundi aliwaamkia wote, wakaitikia. Akaketi na Bosi mgongoni, amelala.

"Fundi, mimi si mtu wa maneno mengi," alisema mwalimu mkuu, na wenye maneno mengi ndio huanza hivyo. Akasema juu ya malezi, akasema juu ya samaki kukunjwa angali mbichi, akasema juu ya vijana wa siku hizi. "Nilikupa chumba kwa moyo safi. Niliambiwa, cha bure ghali, sikusikia. Leo mtoto anamtazama mwalimu wake usoni na kumwambia hapana. Halafu ananyamaza. Anamkodolea macho."

"Kama chura," alisema Mwalimu wa Nidhamu.

"Kama chura. Sasa soma hii."

Aliisukuma karatasi. Ilikuwa imechapwa vizuri, bila kosa. Ilisema kwamba mwendesha warsha anakiri kuwafundisha wanafunzi ukaidi, na anathibitisha kwamba mwanafunzi aliyetajwa alionyesha utovu wa nidhamu, kwa hiyo atakaa nyumbani majuma mawili.

"Ukiweka saini," alisema mwalimu mkuu, "mtoto anapumzika kwao majuma mawili tu, anarudi na adabu zake, na wewe warsha zako zinaendelea. Zimebaki mbili, siyo? Usipoweka saini, warsha imekwisha leo. Unaona nilivyo mwepesi?"

"Na mtoto? Nisipoweka saini?"

Mwalimu mkuu alijikuna shingo. "Bodi haimtoi mwanafunzi bila shahidi wa nje ya walimu. Ndiyo maana tumekuita. Wewe ni mzazi, unaelewa."

Majuma mawili. Fundi aliyapima kama anavyopima kitambaa. Majuma mawili ndiyo sehemu zote, kujumlisha kwake na kutoa kwake na kugawanya kwake. Kijiti angerudi akute namba moja imeipanda nyingine mgongoni, na jirani asingeweza kumweleza, na nyumbani wangesema ni kichwa. Upande wa pili kulikuwa na vijana ishirini na sita waliokuwa wakimngoja Jumatano, na somo la tano, la kuomba msaada, ambalo yeye mwenyewe alilihitaji kuliko wote. Akaitoa kalamu mfukoni. Mwalimu wa Nidhamu akapumua.

Fundi aliilaza kalamu juu ya karatasi, akaiacha hapo, akasimama.

"Shikamoo, mwalimu mkuu."

"Umeshaniamkia."

"Najua. Ndivyo inavyoanza." Akashika kamba za mbeleko kwa mikono miwili. "Hapana. Sisaini. Huyu mtoto alikuwa anataka kusoma."

Akanyamaza.

Moja. Mbili. Feni isiyozunguka ilikuwa na nzi aliyetua. Tatu. Samahani zilimjaa mdomoni, tamu, tayari, zile alizolelewa nazo: samahani mwalimu, sikusudii kukosa heshima, kama ikiwezekana. Lakini kazi yake ya miaka sita ilikuwa kubana pini kwa midomo, na mwenye pini mdomoni haropoki. Akazibana. Nne. Mwalimu mkuu alitazama vikombe vya michezo. Tano.

"Maana pikipiki yenyewe," alisema Mwalimu wa Nidhamu, "ilikuwa na matope kidogo tu."

Sita.

"Dakika tano. Angekuwa amemaliza. Tena nawachagua wenye akili, wasiokosa kitu wakitoka kidogo."

Saba. Mlangoni Kijiti aliinua kichwa.

"Na si kila siku, kwanza. Ni Jumatatu na Alhamisi. Na Ijumaa ikinyesha." Jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo. Aligeuka kwa mwalimu mkuu kutafuta msaada, akakuta amekodolewa macho na huko pia. "Sasa mnanitazama mimi. Kwani ni mimi peke yangu? Ile bustani ya mwalimu mkuu ya mboga inamwagiliwa na nani? Malaika? Si kidato cha kwanza, kila kipindi cha pili? Mimi nimesema lini?"

Nane.

Kalamu ya Karani, iliyokuwa ikikwaruza karatasi muda wote, ilisimama. Mama yule alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya kanga yake, akairudisha.

"Hili la bustani nalo niandike, mwalimu mkuu? Au niishie kwenye Ijumaa ikinyesha?"

Tisa. Inaelekea mwalimu mkuu na yeye alijaribu kunyamaza, lakini alikuwa mtu asiye na mazoezi. Fundi alifika kumi, na kwa kuwa hakuna aliyekuwa amesema kitu, akaanza tena moja.

"Futa," alisema mwalimu mkuu.

"Kitabu cha bodi hakifutwi," alisema Karani kwa upole. "Kina namba za kurasa."

"Basi kikao kimeahirishwa." Akaikunja karatasi mara mbili, akaitupa kwenye droo, akaifunga kama vile ingeweza kutoka yenyewe. "Mtoto arudi darasani. Na wewe, Fundi, tulikubaliana. Hukusaini. Kile chumba cha madawati kuanzia leo kina kazi nyingine."

"Sawa. Tutakaa koridoni."

"Korido gani?"

"Hii ya nje ya dirisha lako. Ina kivuli kizuri."

"Nimesema warsha imekwisha."

"Nimekusikia, mwalimu mkuu. Ndiyo maana sikuomba chumba." Sauti yake sasa ilikuwa imetulia, na yeye mwenyewe alishangaa. "Jumatano wanatoka saa tisa. Baada ya kengele ya saa tisa watoto ni wa wazazi wao, na nusu ya wazazi hao nawashonea mimi. Nitawauliza wao."

Bosi akaamka. Akachungulia begani mwa mama yake, akaona watu wazima watatu wenye nyuso zilizokunjamana, na mwalimu mkuu, kwa kuona aibu tu, akamtolea tabasamu na kumpungia kidole.

"Hapana," alisema Bosi, akalaza kichwa.

"Huyo nani kamfundisha?" aliuliza Mwalimu wa Nidhamu.

"Huyo hakufundishwa," alisema Fundi. "Wote huzaliwa wanalijua."

Nje ya ofisi alimshika Kijiti bega. "Wenzako wamefika wapi?"

"Kujumlisha zenye asili tofauti."

"Hapo ndipo mimi niliachwa. Kimbia, kipindi hakijaisha."

Akakimbia. Fundi akaenda kumalizia sketi.

Siku zilizobaki alizunguka na utepe wa kupimia shingoni, nyumba kwa nyumba. Wengine walimwambia asiwachongee watoto wao kwa walimu. Baba mmoja alifunga mlango. Lakini mama mmoja muuza mkaa alimsikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Na watu wazima wanaruhusiwa kukaa nyuma?"

Jumatano, kengele ya saa tisa ilipolia, walikuja arobaini na mmoja. Walikaa chini koridoni, migongo ukutani, miguu imenyooshwa mpaka wapita njia wakalazimika kuruka. Muuza mkaa alikaa mwishoni na mikono yake myeusi mapajani. Karani alitoka ofisini akiburuta kiti chake mwenyewe. "Mimi naandika tu," alisema, lakini hakuwa na kalamu. Uwanjani, mbele ya macho ya wote, Mwalimu wa Nidhamu alikuwa amechuchumaa kando ya ndoo, suruali kaikunja, akisugua tairi la pikipiki bila kutazama upande wao.

Fundi alikuwa ndiyo kwanza ameanza somo la kuomba msaada wakati dirisha lilipofunguka juu ya vichwa vyao.

"Fundi," alisema mwalimu mkuu. "Hameni hapo."

Fundi aliinuka. Kabla hajafungua mdomo, korido nzima iliinuka pamoja naye, viatu vikikwaruza sakafu.

"Shikamoo, mwalimu mkuu," walisema arobaini na mmoja.

"Marahaba," alisema, maana nani asiyeitikia.

"Hapana," alisema Fundi.

Akamtazama Kijiti, na Kijiti akatoa sababu, moja tu. "Bado hatujamaliza."

Kisha wakanyamaza. Vidole vilikuwa vikijihesabu pembeni mwa sketi na suruali, Bosi naye akikunja vyake ovyoovyo, na ndoo ya uwanjani ikaacha kulia. Walipofika tisa, dirisha lilifungwa, polepole. Hawakukaa. Walimalizia na ya kumi.